Nani Alivumbua Balbu? Swali Lenyewe Bovu

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu, asanteni. Wanaonifahamu wanajua nitaanza na balbu, na naona wengine wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Nitanyamaza siku mtoto wa shule atakapoulizwa nani alivumbua balbu, naye, badala ya kukariri "Thomas Edison", akauliza: balbu ipi, na fedha zilikwenda kwa nani?

Marekani ya miaka ya 1880 haikugeuzwa na mabingwa waliojifungia chumbani peke yao. Iligeuzwa na karakana, ofisi za hataza, yaani hati za kumiliki uvumbuzi, mawakili na mabenki. Mchukueni Lewis Latimer. Baba yake, George, alitoroka utumwani Virginia mwaka 1842 pamoja na mkewe Rebecca, akakamatwa Boston. Mji ukachafuka. Mwishowe uhuru wake ukanunuliwa kwa dola 400. Hebu sikieni hiyo: baba mtu alikuwa na bei!

Lewis akazaliwa 1848. Akiwa kijana mdogo akatumikia jeshi la majini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, kisha akapata kazi ya utarishi kwa mawakili wa hataza pale Boston. Tarishi, wa kutumwa huku na huku. Lakini jicho lake lilikuwa kwenye meza za wachoraji. Akatafuta kitabu na vifaa, akajifundisha mwenyewe, hadi akawa mchoraji mkuu wa ofisi ile. Mwaka 1876, Bell alipoomba hataza ya simu, aliyemchorea michoro ni Latimer.

Najua, balbu bado. Inakuja. Balbu za mwanzo zilitumia uzi wa kaboni utoao mwanga, na uzi ule ukiokwa ulikuwa ukijipinda au kukatika. Latimer akabuni namna ya kuuoka ndani ya bahasha ya kadibodi ili utoke mzima. Hataza ikatolewa Januari 1882. Mali ya nani? Ya kampuni iliyomwajiri, ambayo mhandisi wake mkuu alikuwa Hiram Maxim. Ndiyo, Maxim huyohuyo! Alihamia London akaunda bombomu, na silaha za aina hiyo ndizo Wajerumani walizowamiminia wapiganaji wa Maji Maji pale Mahenge mwaka 1905. Huo ni mhadhara mwingine, msinipoteze.

Mtaniambia, "Mwalimu, unamshusha Edison." Simshushi hata kidogo. Joseph Swan kule Uingereza naye alikuwa na balbu yake. Ila Edison alijua kwamba balbu bila mtambo, nyaya na mita ya kumtoza mteja ni kichupa tu. Septemba 4, 1882 akawasha kituo chake cha umeme cha Pearl Street, New York. Na yeye mwenyewe siku hiyo alikwenda kuwashia taa wapi? Kwa kina mama wanaoshona gizani? Wapi! Ofisini kwa mwenye benki J. P. Morgan na wenzake, Wall Street, watu waliomtilia mtaji.

Miaka 10 baadaye, Morgan huyo akaiunganisha kampuni ya Edison na ya mshindani wake. Ikazaliwa General Electric, jina la Edison likafutwa. Latimer, ambaye alikuwa ameshahamia kwa Edison, alikuwa humo humo ndani, akitoa ushahidi wa kitaalamu mahakamani kulinda hataza za bosi wake. Kama mwenye sifa zote hakuachiwa hata jina, mchoraji angeachiwa nini?

Mwaka huohuo, 1892, kuna mgogoro wa kiwanda cha chuma cha Homestead, nami nimeshakula muda wake. Kwa kifupi: tajiri mwenye kiwanda, Carnegie, yuko Uskochi, meneja wake Frick anawafungia mafundi chuma milango, analeta walinzi 300 wa kukodi wa kampuni ya Pinkerton kwa matishari, watu wanakufa pande zote mbili, chama cha wafanyakazi kinavunjwa. Bwana pale nyuma ameshanyoosha kidole, atanitajia maktaba za Carnegie kama kawaida yake. Alijenga, sikatai, hata Homestead alijenga, ikafunguliwa 1898. Mtu anayetoka tanuruni baada ya kufanya kazi kwa muda wa saa 12 aende kusoma saa ngapi?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Rockefeller, tajiri wa mafuta, na reli mtanisamehe. Haya, bwana wa maktaba, swali la kwanza ni lako.