Soko la nje linaanzia kwenye meza ya kuchambulia

Ndugu zangu wa Mtwara, na wenzetu mliotoka Masasi, Newala na Lindi, asanteni kwa kufika. Habari ya korosho ghafi kupakiwa melini kwenda India na Vietnam kubanguliwa huko, sina haja ya kuwaeleza. Mmekua nayo. Nakwenda kwenye lile ninalolisema kila ninaposimama: kampuni haiingii soko la nje kwa kupanga meza kwenye maonyesho. Inaingia kwa kumpa mnunuzi kitu kilekile leo, mwakani na mwaka wa kumi.

Chukueni daraja la W320. Mnunuzi wa nje akiagiza hivyo, anataka korosho nyeupe, nzima, na katika ratili moja, yaani kama gramu 454, zihesabike 300 hadi 320. Unyevu usizidi asilimia 5. Umebangua kwa mashine au kwa mkono, hilo halimhusu. Anachota, anapima, anahesabu. Sisi je? Sampuli tunaichagua punje kwa punje mpaka inang'aa. Ukija mzigo wenyewe, haraka! Kubwa zinachanganywa na ndogo, vipande vinaingia, nyingine zimebaki na ngozi kwa sababu zilimenywa kabla hazijakauka vizuri. Kuna kikundi niliwaomba wapime ratili moja kutoka kila boksi. Boksi mbili zilizokaa jirani, hesabu mbali kabisa, na waliofungasha ni mama walewale, asubuhi ileile. Jamani! Kontena la futi 20 hubeba takriban boksi 700 za kilo 22.68. Mnunuzi akifungua mbili na kukuta tofauti, kwa nini aziamini zilizobaki? Atashusha bei, au mwakani hapokei simu yako.

Najua kuna anayesema moyoni, "Tatizo letu ni mtaji." Ni kweli, na nimelisema mbele ya watu wa benki: korosho inanunuliwa msimu mmoja, kiwanda kinatakiwa kibangue mwaka mzima, fedha ya kuweka akiba ghalani itoke wapi? Hilo lazima litatuliwe. Lakini mzani, na msimamizi mwenye mamlaka ya kurudisha boksi bila kuogopa kugombana na shemeji yake, havihitaji mkopo.

Mwingine atasema, wakubwa wanavuka mipaka kwa sababu ya fedha tu. Hapana. Tazameni hapa hapa kwetu. Dangote wa Nigeria alizindua kiwanda cha saruji Mtwara mwaka 2015. Hakutuletea mifuko kwa meli, kwa sababu saruji ni nzito na bei yake kwa kilo ni ndogo. Nauli ingemaliza faida. Akafuata mawe ya chokaa yalipo, akajenga. Bakhresa naye ana viwanda vya unga Uganda, Malawi, Rwanda. Kila mmoja alitazama bidhaa yake kwanza, ndipo akachagua njia. Korosho iliyobanguliwa ni nyepesi, thamani yake kubwa, inahimili safari ndefu. Sisi hatuhitaji kujenga kiwanda Ulaya. Tunahitaji kuaminika tukiwa hapa.

Naona naonyeshwa saa. Haya, kwa kifupi. Wenye sabuni, unga na samani, Daraja la Umoja pale Mtambaswala, la kuvukia Ruvuma kwenda Msumbiji, lipo tangu 2010. Anzeni na Msumbiji, lebo ziwe na Kireno. Eneo Huru la Biashara la Afrika lilianza kazi Januari 2021, lakini nafuu ya ushuru haiji bila cheti cha uasili wa bidhaa, kwa hiyo kifuatilieni kabla gari halijapakiwa. Malipo: msiachie mzigo kwa ahadi ya WhatsApp, pitieni benki. Biashara ya mtandaoni nilikuwa nimeiandalia maelezo marefu, itabidi isubiri.

Waliokuja na korosho zao wazilete hapa mbele. Mzani ninao. Tupime ratili moja moja, tuhesabu wote.