"Shall" katika Katiba ya Kenya: Ni Nani Aliyeamriwa?

Mabibi na mabwana, wengi wetu tulifundishwa darasani kwamba "shall" ni alama ya wakati ujao, na kwamba huandamana na nafsi ya kwanza huku nafsi nyingine zikichukua "will". Kanuni hiyo iliandikwa na John Wallis mwaka 1653. Hata hivyo, katika Kiingereza cha kale kitenzi hiki kilimaanisha kudaiwa au kuwa na wajibu, na wanasheria wamekihifadhi katika maana hiyo. Anayesoma Katiba ya 2010 na kuichukulia kila "shall" kuwa "-ta-" yetu anasoma utabiri mahali palipoandikwa agizo.

Kifungu cha 101 kinasema uchaguzi mkuu "shall be held" Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Hapo hapana utata. Lakini tutazame Kifungu cha 81(b): "not more than two-thirds of the members of elective public bodies shall be of the same gender", yaani wanachama wa jinsia moja katika vyombo vya kuchaguliwa wasizidi thuluthi mbili. Anayeamriwa ni nani? Mpiga kura hawezi kupangiwa wa kumchagua, vyama havikutajwa, na wanachama wenyewe hawawi wanachama mpaka wachaguliwe. Kitenzi kinaamuru, ila mtendaji hayumo. (Kiswahili nacho hakituokoi: "wasizidi" haimtaji mtu.)

Desemba 2012 Mahakama ya Juu ilitoa maoni ya ushauri kuhusu suala hilo. Majaji walio wengi waliona kwamba "shall" hiyo haidai utekelezaji wa papo hapo, kwa kuwa zinahitajika kwanza sheria za kuiwezesha, wakaweka tarehe 27 Agosti 2015 kuwa mwisho wa kuzitunga. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana nao. Kwake yeye, agizo lilipaswa kutimizwa katika uchaguzi wa Machi 2013.

Wapo wanaosema dawa ni kukitupa kitenzi chenyewe, kama Afrika Kusini ilivyochagua "must" katika katiba yake ya 1996. Sidhani, kwa sababu "must" ikiwekwa katika 81(b) bado tutauliza ni nani. Mimi naona jibu liko katika Kifungu cha 27(8), "the State shall take legislative and other measures", ambapo mtendaji ametajwa waziwazi kuwa ni Dola.

Na Katiba haikuishia hapo, kwani Kifungu cha 261(7) kinasema kwamba Bunge likikaidi amri ya mahakama ya kutunga sheria inayotakiwa, Jaji Mkuu "shall advise" Rais alivunje, na Rais "shall dissolve Parliament". Watendaji wawili, kila mmoja na kazi yake. Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alitoa ushauri huo. Mahakama Kuu ikausimamisha, na Bunge halikuvunjwa.