Desemba ya Ndani: Zafarani, Iliki na Baridi ya Uppsala

Watazamaji wangu wa Muheza, wa Tanga mjini, wa Mombasa na wa kokote mnakonitazamia, hamjambo, na wakubwa wote shikamooni. Leo ni tarehe 12 Desemba, mkesha wa sikukuu ya Mtakatifu Lusia, na kwa sababu hiyo video hii naifanyia jikoni, mikono yangu ikiwa na unga, nikiwa nimevaa dera tu na kandambili. Nalisema hili la dera kwa makusudi. Kila unapoingia mwezi huu hupokea salamu nyingi za pole ya baridi kutoka nyumbani, na nazishukuru kwa moyo wote, lakini kwa haki pole hizo anastahili yule aliyesimama kituo cha basi saa moja asubuhi, wala si mimi niliye ndani.

Nje ya dirisha hili, kipimajoto kinaonyesha nyuzi 8 chini ya sifuri. Humu ndani ni nyuzi 21. Tukizungumzia vipimo, mji huu wa Uppsala, hapa Uswidi, una haki ya kuringa, maana ndipo alipofundisha elimu ya nyota Profesa Anders Celsius, ambaye mwaka 1742 alipendekeza kipimo cha joto tunachokitumia hadi leo, ingawa yeye alikipanga kinyume: sifuri aliiweka pale maji yanapochemka na 100 pale yanapoganda, wakaja wenzake baadaye wakakigeuza. Kwa mpango wake wa awali, ningewaambia kwamba nje ni nyuzi 108, nanyi mngenipa pole ya aina nyingine kabisa.

Joto hili la ndani halitokani na moto ninaouwasha mimi. Mnaiona ile hita nyeupe ya chuma chini ya dirisha? Ndani yake yanapita maji ya moto, na joto lake linatoka katika mtambo wa mji unaochoma taka na mabaki ya miti, kisha husafirishwa kwa mabomba yaliyofukiwa chini ya barabara hadi kwenye majengo ya watu. Kuta zimejazwa tabaka la kuzuia baridi, na madirisha yana vioo vitatu vitatu vyenye nafasi ya hewa katikati. Ndiyo maana huwaambia watu kwamba baridi kali kuliko zote niliyowahi kulala nayo ndani ya nyumba si ya Uswidi, ni ya Lushoto mwezi wa Julai, katika chumba kisicho na hita, chenye dirisha la mbao linaloacha upenyo wa kidole, huku mablanketi mawili yakishindwa kazi. Mwenye ndugu Njombe au Makete ananielewa bila maelezo zaidi.

Lililo gumu hapa ni giza. Katika juma hili jua linachomoza karibu na saa tatu kasorobo asubuhi, na inapofika saa tisa kasorobo alasiri limekwisha kuzama, na katika hizo saa sita halipandi juu, bali hutambaa pembeni mwa anga, tena mara nyingi nyuma ya mawingu. Sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji jua zaidi ili mwili utengeneze vitamini D, kwa hiyo vidonge vyake viko pale kabatini, karibu na chumvi, nami humeza kimoja kila asubuhi. Hilo ni la tiba. Mengine yote yanayolikabili giza ni ya mikono na ya jikoni, na hapo ndipo nilipojifunza kuupenda mwezi huu.

Wenyeji hawalingoji giza liwaondokee. Hulikabili kwa taa. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Majilio, yaani majuma ya kuingojea Krismasi, karibu kila dirisha la mtaa huu huwekewa nyota ya karatasi yenye balbu ndani, au kinara chenye mataa saba yaliyopangwa kwa umbo la upinde, na mezani huwekwa mishumaa minne, ukiwashwa mmoja Jumapili ya kwanza, miwili ya pili, hadi yote minne iwake karibu na Krismasi. Ukitembea nje usiku, na usiku wenyewe ni saa kumi za jioni, unakuta mtaa mzima umejaa mwanga wa rangi ya asali unaotoka majumbani. Mgeni huingia, huvua viatu mlangoni kama afanyavyo mtu wa Pwani, kisha hupewa kitu cha moto cha kunywa. Wana kinywaji chao cha mvinyo uliochemshwa kwa mdalasini, iliki, karafuu, tangawizi na maganda ya chungwa, kinachotolewa katika vikombe vidogo vyenye zabibu kavu na lozi ndani. Ipo pia aina isiyo na kilevi, nayo ndiyo inayonywewa katika nyumba yangu.

Sasa tusogee kwenye unga. Kesho asubuhi, shuleni, makanisani na hata maofisini, wataingia watoto na vijana waliovaa kanzu nyeupe, mbele yao akiwa binti mwenye utepe mwekundu kiunoni na taji la mishumaa kichwani, wakiimba gizani. Zamani, kabla Uswidi haijabadili kalenda yake mwaka 1753, watu waliuhesabu usiku wa Lusia kuwa mrefu kuliko yote, na ukiwa hapa huoni ajabu kwamba waliamua kuuwekea taa. Chakula cha siku hiyo ni mikate midogo ya zafarani, myororo, ya manjano iliyokolea, na ndiyo ninayoipika sasa.

Zafarani yenyewe ni hii. Pakiti hii ndogo ina nusu gramu tu, nami ninazo mbili. Bei yake inaumiza, na maduka mengi huiweka karibu na keshia au nyuma yake, kwa sababu ni kitu kidogo chenye thamani kubwa na huibwa kwa urahisi. Mtu wa Pwani aliyewahi kutumwa zafarani ya biriani na bibi yake, kisha akahesabiwa chenji mbele ya watu, anaijua heshima ya kitu hiki. Kosa la wengi ni kuitupa kavu ndani ya unga, ikabaki kuwa vidoa vyekundu hapa na pale. Mimi naitia kwenye kinu hiki kidogo pamoja na kijiko kimoja cha sukari, na naomba msogee muone: chembe za sukari ndizo zinazosaga, mchi unazisukuma tu. Sukari inaanza kuwa ya rangi ya chungwa, halafu inakuwa nyekundu ya matofali, na harufu inapanda kabla hata haijaguswa na maji. Hapo namimina maziwa ya moto kiasi cha vijiko viwili na kuiacha ilowe wakati ninapoendelea na mengine.

Nimeyeyusha gramu 150 za siagi, nikamimina nusu lita ya maziwa, na mchanganyiko wote nimeupasha hadi nyuzi 37, yaani kidole kikiingia hakihisi moto wala baridi. Hamira hapa huuzwa mbichi, katika vipande vya gramu 50 vinavyokaa kwenye friji, na ipo ya unga wa kawaida na ipo ya unga wenye sukari nyingi. Chukueni hii ya pili, kwa sababu sukari ikizidi, hamira ya kawaida hulemewa na donge haliumuki vizuri. Kipande kizima nakivunja kwenye maziwa, naongeza zafarani yangu, sukari desilita mbili, chumvi nusu kijiko cha chai, na gramu 250 za maziwa mgando mazito yaliyochujwa, ambayo ndiyo siri ya kuzuia mikate hii isikauke. Unga wa ngano unahitajika kama gramu 900, lakini msiumimine wote kwa pamoja. Donge lizuri la mikate hii hunata kidogo mkononi; ukiongeza unga hadi liache kunata kabisa, umekwisha kupika mawe. Nalikanda kwa dakika kumi, nalifunika kwa kitambaa, na kuliacha karibu na hita kwa muda wa dakika 40.

Wakati linaumuka, nina jambo la iliki ambalo limekuwa likinikaa moyoni. Watu wa huku hula iliki kwa kiasi ambacho sikukitarajia kabisa kwa taifa la theluji: imo kwenye mikate yao ya kila siku ya kunywea kahawa, imesagwa kwa ukubwa mkubwa kiasi kwamba unaitafuna punje punje, na mwokaji mzuri hutambulikana kwa kutoibania. Nami natoka Muheza, chini ya milima ya Amani, ambako iliki hulimwa kwenye kivuli cha miti na kuteremshwa magunia kwa magunia. Iliki nyingi inayouzwa duniani siku hizi hutoka Guatemala, kwa hiyo siwezi kudai kwamba pakiti hii ya dukani ilipita kwetu, na wala sijali. Mara ya kwanza nilipopita mbele ya duka la mikate hapa mjini, asubuhi yenye giza, nilisimama katikati ya njia ya miguu kama aliyeitwa jina, kwa sababu ilinuka mahamri. Tangu hapo sikuyaona mapishi yao kuwa ya kigeni. Biskuti zao nyembamba za Desemba zina tangawizi, mdalasini na karafuu, na machungwa ya mapambo huyachomeka karafuu kavu mmoja mmoja, kwa mistari, halafu huyatundika dirishani yanukie. Mpemba akiona karafuu inavyotumika kupamba chungwa lisiloliwa, nadhani ataomba aketi kwanza.

Donge limeumuka. Nalikata vipande vya ukubwa wa yai, navisukuma viwe kama kamba ya urefu wa shubiri moja, halafu navikunja kuwa herufi S ambayo ncha zake mbili zimejiviringa kama gamba la konokono. Katikati ya kila mviringo naikandamiza zabibu kavu moja, kwa nguvu, la sivyo itarukia nje ikiwa motoni. Inapumzika tena nusu saa, inapakwa yai, kisha inaingia kwenye oveni yenye nyuzi 225 kwa dakika sita hadi nane, na mpishi haruhusiwi kuondoka kwenda kupokea simu. Hukauka upesi sana hii mikate. Iliwe siku ile ile, na inayobaki iingie kwenye friza ikiwa bado na uvuguvugu.

Krismasi yenyewe huku husherehekewa tarehe 24, siku ya mkesha, na meza yao ni ndefu: samaki wa siki wa namna nyingi, samoni, mguu wa nguruwe uliookwa kwa haradali, vijidonge vya nyama ya kusaga, na bakuli la viazi vilivyokatwa vyembamba vikaokwa kwa vitunguu, malai na samaki wadogo wa chumvi wanaofanana sana na dagaa wetu. Hicho cha viazi ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na jirani yangu, mama mmoja mtu mzima ambaye upende usipende atakupa mapishi yake, ndiye aliyenifundisha. Kuna pia uji mzito wa mchele uliopikwa kwa maziwa na mdalasini, ambao hufichwa lozi moja ndani, na husemwa kwamba atakayeipata ataoa au kuolewa mwaka unaofuata. Samaki wa siki mwenye sukari, kwa upande wangu, namla kwa adabu tu.

Nami huongeza vyangu katika meza hiyo. Pilau hupikwa tarehe 23, kwa sababu pilau iliyolala ni tamu zaidi, na sufuria hukaa usiku kucha roshanini, ambako Desemba hapahitaji friji; usiku wa baridi kali huifunika kwa blanketi kuukuu ili isigande. Mahamri huyakanda kwa tui la nazi la kopo, na mbaazi kavu huzipata kwenye maduka ya Waasia, nikaziloweka tangu jioni. Jirani yangu huyachovya mahamri kwenye mchuzi wa mbaazi bila kuuliza maswali, kisha huuliza iliki ile niliisaga kwa kifaa gani.

Kwa wale wa nyumbani wasio na oveni, mikate hii inawezekana kwenye jiko la mkaa, nami nimeipika hivyo Muheza. Pikeni nusu ya vipimo nilivyovitaja. Maziwa mgando chujeni kwa kitambaa usiku mzima. Tandazeni mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, upasheni, wekeni juu yake sahani ya bati iliyopakwa samli yenye mikate michache isiyogusana, funikeni kwa kifuniko bapa, halafu palieni makaa juu ya kifuniko na kubakiza machache tu chini, kwa sababu moto wa chini ukizidi mtapata mikate iliyoungua tumbo na mibichi mgongoni. Ichungulieni baada ya dakika kumi. Zafarani ikiwashinda bei, iacheni kabisa, na badala yake tieni iliki mpya ya Amani, kijiko kizima cha chai, iliyotwangwa wakati huo huo na si ile ya unga iliyokaa dukani tangu mwaka jana. Na msiweke binzari kwa ajili ya rangi, maana ladha yake itaonekana. Yangu imekwisha kuiva, acheni niitoe. Heri ya Lusia na heri ya Krismasi kwenu nyote, na anayekwenda Amani wiki hii aninunulie iliki nusu kilo, mdogo wangu atamlipa.