"Nenda ustawi" si rufaa

Ndugu wauguzi, maafisa ustawi wa jamii, na nyie wanafunzi mliojibana kule mlangoni: leo nitasema lile lile la kila mwaka, na msininunie. Mtoto aliye chini ya miaka miwili huletwa kliniki kila mwezi. Hakuna ofisi nyingine ya umma inayomwona mara nyingi hivyo. Mwenyekiti wa mtaa hamjui, shule haijamsikia. Shida ya nyumbani kwao itaonekana kwanza kwenye mzani wenu, la sivyo haitaonekana.

Tuchukue mama wa mfano. Mtoto wake ana miezi 14. Mstari wa uzito kwenye kadi umelala miezi miwili, wa tatu umeshuka. Muuguzi anachukua utepe wa rangi wa kupimia utapiamlo, anapima mkono wa kushoto ukiwa umelegea, katikati ya bega na kiwiko: sentimita 12.1. Njano. Ingekuwa chini ya 11.5 ingekuwa nyekundu, na hapo kila mtu anajua la kufanya: chakula dawa, kile maalumu cha kutibu utapiamlo mkali, au kulazwa kama miguu imevimba au mtoto hataki kula. Njano ndiyo inayotushinda. Mama anapewa somo: mayai, maziwa, dagaa, matunda. Anaitikia "ndiyo, dada" kwa kila neno, maana adabu ndiyo inavyotaka, na nyumbani kuna unga na mlenda. Hakuna aliyemuuliza huo unga wenyewe unatoka wapi.

Haya, tuseme ameulizwa. Anasema mume aliondoka tangu mfungo, yeye anafua nguo za watu. Ndipo muuguzi anatamka maneno mawili ambayo ningeweza ningeyapiga marufuku: "Nenda ustawi."

Tumfuate. Afisa ustawi hayupo kwenye kata, yuko halmashauri. Mtoto mgongoni, bodaboda. Anafika, afisa yuko mahakamani kwa kesi ya mtoto mwingine, maana huyo huyo mmoja anabeba mahakama, makao ya watoto, ugomvi wa ndoa na matunzo. Mlinzi anamwambia arudi kesho, tena aje na barua ya mtendaji. Mtendaji yuko kikaoni. Siku mbili za kufua zimekwenda, na hela ya unga imeliwa na bodaboda. Mwezi ujao akiulizwa "Ulienda?" atajibu hakwenda, kwa sababu ni jibu fupi. Kwenye rejesta mmeshaandika "amepewa rufaa". Hiyo ni kumfukuza mtu kwa heshima.

Rufaa ina jina la mtu, ina siku na saa, na simu inapigwa mama akiwa bado amekaa kwenye kiti. "Afisa, nina mama hapa, utampokea lini?" "Jumanne saa nne." "Aje na nini?" "Kadi ya kliniki inatosha." Hapo mmeokoa safari moja na barua moja. Fomu ijazwe nakala mbili: moja inabaki kituoni, moja anakwenda nayo mama. Kipande cha chini kinajazwa na afisa (alifika, hakufika, amepewa nini) na kinarudishwa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, si na mama. Kisha Ijumaa mtu mmoja, ambaye jina lake limebandikwa ukutani, anapitisha kidole kwenye safu ya mrejesho. Palipo wazi, anapiga simu. Mkisema "tutasaidiana", hakuna atakayepiga.

Najua mnachonong'ona: foleni ina watoto 80, maswali tutauliza saa ngapi? Maswali ni mawili, na mtayauliza mtoto akivuliwa nguo. Mwezi huu kuna siku watoto walilala bila kula kwa kukosa chakula? Matumizi ya nyumbani unasaidiwa na nani? Tangulizeni "tunawauliza kina mama wote", asije akadhani mmemtazama khanga yake. Na msiulize mbele ya benchi, wala mbele ya mama mkwe. Jibu mtakalopata hapo ni "tunamshukuru Mungu".

Halafu hili la TASAF, mfuko wa serikali unaozipa kaya maskini ruzuku. Msimtume mtu TASAF kama anayetumwa dukani. Kaya huandikishwa kwa awamu: wanajamii huzitaja mkutanoni, kisha huhakikiwa. Aliyekosa awamu haingii kesho kwa kikaratasi chenu. Mnachoweza ni kumuuliza kama yumo tayari. Kaya iliyomo yenye mtoto mdogo ina sharti la kuhudhuria kliniki, na mahudhurio yasipojazwa kwenye fomu, malipo yanaweza kukatwa. Yaani mama amekuja, amepanga foleni, mtoto kapimwa, halafu anakatwa hela kwa sababu kalamu yenu ilichoka. Hilo ni letu, tusimsingizie mtu.

Cheti cha kuzaliwa ndicho chepesi kuliko vyote na ndicho mnachokisahau. Mpango wa usajili wa watoto chini ya miaka mitano ulianzia Mbeya mwaka 2013; mikoa ambako umefika, cheti cha kwanza ni bure, na hutolewa kwenye vituo vya afya na kwa mtendaji wa kata. Kinachoharibu ni majina. Kadi imeandikwa "mtoto wa Asha" kwa kuwa hakuwa amepewa jina siku ya kuzaliwa, na haikurekebishwa tena. Siku ya chanjo ya wiki sita ulizeni jina, liandikeni vizuri, mlinganishe na kitambulisho cha mama herufi kwa herufi.

Nilitaka kusema juu ya bima na watoto wenye ulemavu, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Ukatili, kwa haraka: mtoto atibiwe kwanza, fomu za polisi zifuate. Simu ya mtoto ni 116, bure. Palipo na Kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako matibabu, polisi na ustawi viko pamoja, mpelekeni hapo, asihadithie jambo lile lile kwa watu wanne. Na msimrudishe nyumbani kabla hamjajua nani yupo huko.

Fomu zenye kipande cha chini ziko kwenye meza ile ya kushoto. Chukueni mbili mbili, ya pili mpelekeeni afisa ustawi wenu, mwandike na namba yake.