Kaa la Moto la Jirani
(Mhadhara wa jioni, Chake Chake, Pemba, baada ya sala ya alasiri)

Assalaam alaykum. Wazee wangu, shikamoni. Nawashukuru mliokuja, na zaidi nyinyi wenye maduka ya dawa. Mlijua leo mtasemwa na bado mmekaa safu ya mbele.

Leo tunazungumza juu ya antibayotiki, yaani dawa za kuua bakteria, na usugu, pale bakteria wanapogoma kusikia dawa hizo. Basi nianze kwa kujisema mwenyewe. Mwaka mmoja nilishikwa na mafua, koo linawasha, kichwa kizito. Nikateremka mpaka duka la dawa nikasema, "Nipe rangi mbili," vile vidonge vya antibayotiki. Sikuulizwa kitu, wala mimi sikuuliza. Nikameza siku tano, mafua yakaondoka. Yangeondoka hata ningekunywa maji matupu, maana mafua huletwa na virusi, na antibayotiki haina habari na virusi. Kilichonibakia ni tumbo: wiki nzima naendesha. Nikamtupia lawama muuza urojo wa mtaani kwetu. Maskini ya Mungu, hakuwa na kosa.

Kidonge hakijui kwamba umekimeza kwa ajili ya koo. Kinapita tumboni, na tumboni mna wenyewe. Kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2016, mwili wa mtu mzima una bakteria wapatao trilioni 38, karibu wote katika utumbo mpana. Ukiwaweka wote mizanini ni kama gramu 200, uzito wa embe dogo. Seli zako wewe ni kiasi cha trilioni 30. Ikija kupigwa kura humo ndani, tumeshashindwa.

Hawa wapangaji wanalipa kodi. Kina mama, sikilizeni hili, kila nikilifikiri naduwaa. Maziwa ya mama yana sukari za aina nyingi ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzisaga, na si kidogo: ukitoa laktosi na mafuta, ndizo zinazofuata kwa wingi. Sasa mama anamlisha nani? Anawalisha bakteria, hasa wale waitwao bifidobakteria. Wakishiba hutoa asidi, na kwenye asidi hiyo vijidudu vya maradhi havipati raha ya kukaa. Maziwa ya dang'a, yale ya manjano ya siku za mwanzo, ndiyo yenye sukari hizo kwa wingi zaidi. Bibi yangu alikuwa akisema dang'a ni chafu, likamuliwe limwagwe. Mungu amrehemu, mengi alijua, lakini hili hapana.

Sisi wakubwa tunawalisha kwa kile tumbo letu linachokishindwa: nyuzinyuzi za kunde, mbaazi, kisamvu, majimbi. Wao huzichachusha na kutoa vitu kama butireti, ambayo ndiyo chakula cha kuta za utumbo mpana. Sahani ya wali mweupe na soda inaishia juu huko, haiwafikii. Mwaka 2014 walilinganishwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, huko bara, wanaochimba mizizi porini, na Waitaliano wa mji wa Bologna. Wahadzabe walikutwa na bakteria wa aina nyingi zaidi. Sisemi turudi porini.

Kazi nyengine ya wenyeji hawa ni ulinzi. Yuko bakteria mmoja, Clostridioides difficile, ambaye kwa kawaida hapati nafasi. Antibayotiki ikishafagia wenyeji, yeye hutamalaki, na mgonjwa huendesha mpaka anakaribia kaburi. Uholanzi walijaribu tiba, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Wagonjwa 16 waliwekewa kwa mpira wa puani maji yaliyochanganywa na kinyesi cha watu wazima wenye afya. Kumi na tatu walipona kwa mara moja tu. Kundi jengine la watu 13 walipewa antibayotiki ya vankomaisini peke yake, wakapona wanne. Nimesikia "Audhubillahi" kutoka upande wa kina mama. Hata mimi nilipoisoma mara ya kwanza niliiweka chai chini. Lakini tazameni kilichoponya: ni kuwarudisha wenyeji kwao.

Na kurudi si rahisi. Watafiti wa Denmark waliwapa wanaume 12 wenye afya antibayotiki tatu kali kwa siku nne tu. Baada ya mwezi na nusu matumbo yalikaribia kuwa kama zamani. Lakini baada ya siku 180, aina tisa za bakteria ambazo kila mmoja wao alikuwa nazo mwanzo zilikuwa bado hazionekani kwa wengi wao. Siku nne, jamani.

Sasa niingie kwenye usugu, ndiko nilikokuwa nikija. Wengi wetu tunaufikiria usugu kama ugomvi wa dawa na kijidudu kilichokuumiza. Mimi nawaambia ugomvi mkubwa uko kwa wasiokuwemo. Zamani, kibiriti kilipokuwa adimu, mtoto alitumwa kwa jirani kuomba kaa la moto. Jirani anakupa kaa, na jiko lake halizimiki. Bakteria nao ni hivyo hivyo. Usugu mara nyingi huandikwa kwenye kiduara kidogo cha vinasaba kinachoitwa plasmidi. Bakteria anamgusa mwenzake, anamnakilia, na yeye anabaki na yake. Joshua Lederberg na Edward Tatum walionyesha mwaka 1946 kwamba bakteria hupeana vinasaba. Miaka ya 1950 Wajapani wakakutana na bakteria wa kuhara damu aliyekuwa sugu kwa dawa nne kwa pamoja, na usugu huo ulikuwa ukihama kutoka aina moja ya bakteria kwenda nyengine. Hawaulizani kabila.

Kwa hiyo bakteria mpole wa tumboni mwako, asiyemdhuru mtu, akinusurika na rangi mbili yako ya mafua, anabaki na kaa linawaka. Wewe husikii chochote, unakula, unalala, unakwenda shamba. Siku umefanyiwa upasuaji, au mama amejifungua kwa kupasuliwa, au umepata taifodi ambayo hata miaka ya karibuni bado inaonekana katika damu za wagonjwa wa hapa Pemba, ndipo kijidudu cha maradhi kinapokuja kuliomba lile kaa. Mwaka 2019 peke yake, watu wapatao milioni 1.27 duniani walikufa moja kwa moja kwa maambukizi yaliyogoma kusikia dawa.

Na kwetu? Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti kuhusu kisiwa cha Unguja. Watu wa kawaida mitaani, si wagonjwa, walikutwa mara nyingi wamebeba matumboni bakteria sugu kwa dawa nyingi, wale wale waliokutwa kwa kuku na kwenye nyama ya kuku inayouzwa. Mwaka uliofuata ukaja mwengine: watalii wanaorudi kwao kutoka Zanzibar nao hurudi na bakteria sugu matumboni. Wanabeba karafuu, khanga, na hao.

Ndiyo maana sipendi sana tunapoishia kwenye "maliza dozi". Mliyoandikiwa na daktari fuateni alivyosema, msikate wenyewe nyumbani. Ila mtu anaweza kuimaliza vizuri kabisa dozi ambayo hakuihitaji tangu kidonge cha kwanza, na huyo amewasha majiko mengi kuliko aliyeisahau.

Nipokee maswali. Naam, dada wa duka la dawa.

Anauliza: mama akija na mtoto anayeendesha, anataka Flagyl, nayo ni antibayotiki, ukimwambia hapana anavuka barabara kwenda duka la pili, ufanyeje? Dada yangu, swali hilo ni gumu na mimi siuzi dawa. Lakini muulize: pana damu chooni? Choo ni kama maji ya mchele? Macho yamedidimia, hanyonyi? Ikiwa ndiyo, mpeleke hospitali bila kuuza kitu. Ikiwa sivyo, muuzie pakiti za chumvichumvi za kuchanganya na maji ya kunywa (ORS) na zinki ya siku 10 mpaka 14. Umeuza, na hujamtoa mikono mitupu. Katika utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochukua watoto zaidi ya 8,000 katika nchi saba, Tanzania ikiwamo, antibayotiki ya azithromaisini kwa watoto wanaoendesha bila damu haikupunguza vifo.

Mzee wa kuku, mkono wako nauona tangu zamani. Anasema: nikiacha kutia antibayotiki ya oksitetrasaiklini kwenye maji, kuku wakifa utanilipa?

Sitakulipa, mzee wangu. Lakini niambie, walikufa vipi mara ya mwisho? Shingo zimepinda, choo cha kijani, wamelala banda zima kwa siku chache? Hicho nakishuku kuwa kideri, na kideri ni kirusi, ndugu moja na mafua yangu. Dawa ile ungewanywesha pipa zima wangekufa vile vile. Chanjo yake ipo, tone moja jichoni. Tukitoka nje nioneshe kwako ni upande gani, kesho asubuhi nitapita tuwatazame.