Jina Lako Likivuja Kituoni, Nani Anajibu?

(Mhadhara uliotolewa Tononoka, Mombasa)

Assalaam alaykum, na hamjambo nyote. Wengi wenu mmeshanisikia nikiyasema haya ya siri za raia kuvuja kituo cha polisi, na wako wazee hapa wanaoweza kunimalizia sentensi. Nitayasema tena, kwa sababu wanaopaswa kuyasikia hawajaja. Viti vyao hivyo hapo mbele, vina karatasi za majina na havina watu.

Nianze na mama muuza viazi karai. Simtaji jina wala mtaa, na sababu mnaijua. Alichoshwa na nyumba ya jirani inayouza unga, yaani dawa za kulevya, watoto wa shule wakipita mlangoni pake macho mekundu. Asubuhi moja akaenda kituoni. Mnaijua kaunta ilivyo: benchi limejaa, huyu kapoteza kitambulisho, yule kaleta chai ya mahabusu, na askari anauliza kwa sauti ya mnadani, "Jina? Unakaa wapi? Namba ya simu? Unamshtaki nani?" OB, kile kitabu cha kuandikia matukio, imelala wazi, mwenye macho anasoma. Mama akaandikiwa namba kwenye kipande cha karatasi, akarudi kwenye biashara yake.

Adhuhuri haijaadhiniwa, akaja kijana kununua viazi vya shilingi 50. Akatoa noti ya 1,000. Mama anahangaika kutafuta chenji, kijana akamwambia, "Baki nayo, mama. Itakufaa nauli ya kurudi kituoni."

Noti ile hakuitumia. Alituletea ofisini ikiwa imefungwa kwenye pindo la leso.

Basi akarudi kituoni kusema kwamba siri yake imetoka. Akaambiwa aandikishe taarifa. Mbele ya nani? Askari yuleyule wa asubuhi! Na swali la kwanza: "Una ushahidi kwamba ni sisi?" Jamani, muuza viazi autoe wapi ushahidi? Apekue simu za askari? Nani alikuwa zamu, nani alikishika kile kitabu, nani alimpigia nani baada ya saa nne, hayo ni maswali ya mpelelezi, na mpelelezi analipwa mshahara. Siri ya mtungi aijuaye kata. Mbona basi anayehojiwa ni mwenye kiu? Tukaandika barua. Tukajibiwa uchunguzi unaendelea. Tukaandika nyingine, uchunguzi ungali unaendelea. Mama kahama, jirani hajahama, na uchunguzi unaendelea.

Nikiwapelekea wakubwa kisa hiki, hunijibu kwa upole: "Mzee, Katiba imemfunga waziri mikono, hawezi kuingilia upelelezi." Kifungu cha 245 hicho, na wanakipenda kwa sababu wanasoma nusu yake. Ni kweli, hakuna ruhusa ya mtu kumwamrisha Inspekta Jenerali, mkuu wa polisi, amchunguze fulani au amwache fulani. Ni kinga nzuri, tuliitaka wenyewe mwaka 2010. Lakini kifungu hichohicho kinamruhusu waziri kutoa maagizo ya sera, kwa maandishi. Kuagiza kwamba kila siri ya raia ikivuja kituoni ichunguzwe na mtu wa nje ya kituo hicho, na mlalamikaji apewe jibu, ni sera au si sera? Kisha fungueni kifungu cha 157: Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma anaweza kumwelekeza Inspekta Jenerali achunguze madai yoyote ya jinai, na Inspekta Jenerali hana hiari, lazima atii. Hayo nayo huwa kwa maandishi. Basi tuonyesheni hiyo karatasi. Mikono iliyofungwa haisaini mialiko ya chakula cha jioni, na hiyo tunaiona ikisainiwa kila wiki.

Mtasema kuna kile kitengo cha polisi cha masuala ya ndani. Kipo. Kinaripoti kwa nani? Kwa Inspekta Jenerali. Na IPOA, ile mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, je? Hapo ndipo ninapokasirika zaidi, maana sheria ya 2011 imeipa IPOA uwezo wa kuuchukua uchunguzi wa ndani ukicheleweshwa kupita kiasi. Uwezo upo, usiotumika ni nini kama si pambo?

Kijana mmoja aliwahi kuniuliza: hutaki kuwaziba midomo askari wema wanaofichua uovu wa wakubwa zao? La hasha. Askari anayetoa karatasi kuonyesha mahabusu alipigwa, anaupa umma kilicho chake. Anayempa muuza unga jina la mama yule anauza roho ya mtu. Ajabu ni kwamba wa kwanza husakwa usiku na mchana, wa pili hana anayemtafuta.

Na msiniambie chenji ya viazi ni jambo dogo. Mnamkumbuka Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda aliyepigwa risasi na askari akapeleka malalamiko IPOA. Juni 2016 yeye, wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa walipotoka mahakamani Mavoko. Wakili akiwa kizuizini aliandika kwenye karatasi ya choo akiomba mkewe apigiwe simu. Miili ilitolewa mtoni, Ol Donyo Sabuk. Askari watatu na mpasha habari wao walitiwa hatiani 2022. Mwenda hakuwa na siri ya kuvuja, alilalamika waziwazi, tena ana wakili pembeni. Sasa pimeni hali ya asiye na wakili.

Mwenyekiti ananitazama, nafupisha. Sheria ya kulinda data ya 2019: benki ikipoteza taarifa zako na ukawa hatarini, ina saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data. Kituo cha polisi kitajifunika blanketi la usalama wa taifa. Mama wa viazi ni usalama wa taifa? Ulinzi wa mashahidi nao una sheria tangu 2006, ila humfikia aliyekwisha kuwa shahidi, na huyu aliishia kaunta. Picha za OB zinazozunguka WhatsApp nilitaka kuzisema, basi tena.

La kufanya hapa Mombasa: sheria ya polisi imeweka mamlaka ya usalama katika kila kaunti, na mwenyekiti wake ni gavana au waziri wake wa kaunti. Ombi letu kwao ni moja: kila kikao waulize ni malalamiko mangapi ya siri kuvuja yamepokelewa, na mangapi yamejibiwa. Nakala za ombi ziko pale mlangoni kwa Bi Mkubwa mwenye buibui la kijani. Wekeni sahihi, ila asiyetaka kuandika namba ya simu asiandike; tumeiondoa hiyo safu kwenye fomu.