Nyongeza ya 1997 na walimu waliostaafu kabla ya kuipata

ZUHURA: Shikamoo, Mwalimu Mutiso. Leo nimeomba tuzungumzie malimbikizo ya walimu wa Kenya waliostaafu baada ya Julai 1997, kwa sababu wengi wamesikia deni hili likitajwa katika taarifa za habari bila kuelezwa lilivyoanza.

MUTISO: Marahaba, Zuhura. Lilianza na mgomo. Mnamo Oktoba 1997, uchaguzi mkuu ukiwa umekaribia, walimu wakiongozwa na Ambrose Adongo, katibu mkuu wa KNUT, chama cha kitaifa cha walimu, waligoma nchi nzima, na serikali ya Rais Moi ikakubali kuwaongezea mishahara kwa asilimia 150 hadi 200. Makubaliano hayo yalichapishwa kuwa Notisi ya Kisheria nambari 534 ya mwaka huo, na nyongeza ilipangwa kulipwa kwa awamu tano kuanzia tarehe 1 Julai 1997.

ZUHURA: Kisha awamu ya kwanza ikalipwa, uchaguzi ukapita, na zilizobaki zikakwama.

MUTISO: Zilikwama hata baada ya walimu kugoma tena mwaka 1998, na hazikufufuliwa hadi 2003, serikali ya Narc, muungano wa vyama ulioshinda uchaguzi wa 2002, ilipokuwa madarakani. Aliyekuwa bado darasani aliweza kusubiri. Lakini aliyetimiza miaka 55, ambao ndio uliokuwa umri wa kustaafu wakati ule, alikabidhi chaki mwaka 1998 au 1999, akahesabiwa pensheni kwa mshahara usiokuwa na nyongeza yote, na awamu zilizobaki zilipoanza kulipwa jina lake lilikuwa limeshatolewa katika orodha ya mishahara.

ZUHURA: Msikilizaji anaweza kudhani kwamba alichokosa ni tofauti ya mshahara wa miezi michache tu.

MUTISO: Hapo ningependa tukae kidogo. Sheria ya Pensheni humpa mstaafu sehemu moja ya 480 ya mshahara wake wa mwisho wa mwaka kwa kila mwezi aliotumikia. Tuseme mwalimu amefundisha miaka 30, yaani miezi 360, na mshahara wake wa mwisho ni shilingi 10,000 kwa mwezi. Pensheni yake ni robo tatu ya 120,000, nayo ni 90,000 kwa mwaka. Akiamua kuchukua robo yake kwa mkupuo, zile 22,500 huzidishwa mara 20, naye hupokea kiinua mgongo cha 450,000, kisha hubaki na 5,625 kila mwezi. Sasa weka mshahara wa 20,000 mahali pa 10,000: kiinua mgongo kinafika 900,000 na pensheni ya mwezi 11,250.

ZUHURA: Kumbe tarakimu iliyoandikwa siku ya kustaafu humpunja kila mwisho wa mwezi, maisha yake yote.

MUTISO: Ndiyo, na hunichoma moyo zaidi kwamba waliopunjwa ni walewale waliogoma ili nyongeza hiyo ipatikane.

ZUHURA: Walishtaki, na mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Nakuru ikaamua kwamba wanastahili kulipwa. Wadai walitajwa kuwa takriban 52,000, na deni lao shilingi bilioni 42.3. Je, kwa nini mtu ashinde kesi na bado asilipwe?

MUTISO: Mfanyabiashara akishindwa kesi, dalali wa mahakama anaweza kukamata gari lake na kulinadi. Mali ya serikali haikamatwi. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Kesi za Serikali kinakataza. Mdai hulazimika kuchukua cheti cha amri ya mahakama, akipeleke kwa afisa mhasibu wa idara husika, na akipuuzwa arudi kuomba amri ya kumlazimisha afisa huyo atimize wajibu wake, na amri hiyo nayo ikikaidiwa, aombe afisa aadhibiwe kwa kudharau mahakama. Ongeza kwamba mwajiri ni TSC, tume inayoajiri walimu wa serikali, ilhali pensheni hulipwa na Idara ya Pensheni iliyo chini ya Hazina ya Kitaifa, kwa hiyo mwenye faili ni mmoja na mwenye fedha ni mwingine.

ZUHURA: Na aliyestaafu mwaka 1998 akiwa na miaka 55 alikuwa na miaka 65 hukumu ilipotolewa. Mwaka 2023 alitimiza 80, ikiwa alikuwa hai.

MUTISO: Wengi hawapo. Ndiyo maana naziomba familia zao, kwa dhati kabisa, zisichome karatasi za marehemu baada ya matanga. Barua ya kustaafu, nambari ya TSC, hati ya mshahara wa mwisho na barua inayoonyesha hesabu ya pensheni vitunzwe pamoja na cheti cha kifo.

ZUHURA: Je, mtoto anaweza kwenda na karatasi hizo moja kwa moja?

MUTISO: Hapana. Familia ianzie mahakamani kuomba hati ya usimamizi wa mirathi, kwa sababu bila hati hiyo hakuna anayeruhusiwa kisheria kudai wala kupokea fedha za marehemu.